Mbwa Anayekojoa Mara kwa Mara: Yazingatiwe Kabla ya Kununua Dawa

Mbwa aliyezoea kujisaidia nje akianza kukojoa ndani, asiadhibiwe; huenda ni mgonjwa. Matone machache yenye damu, yatokayo kwa maumivu, huashiria maambukizi au mawe katika kibofu. Mkojo mwingi unaoambatana na kiu kali huweza kutokana na kisukari au maradhi ya figo.

Mfugaji anaweza kuanza kwa kupima maji ya kunywa. Mbwa wa kilo 20 anayekunywa zaidi ya lita 2 kwa siku anahitaji kuchunguzwa. Hata hivyo, asinyimwe maji: kumnyima hakumponyi, na figo zikiwa dhaifu humdhuru zaidi.

Tunawashauri watumiaji wasinunue antibiotiki kwa kubahatisha. Dawa hizo hazitibu kisukari, na matumizi holela hujenga usugu wa vimelea. Mkojo ukingwe katika chombo safi na ufikishwe kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, kabla dawa yoyote haijatolewa. Dawa za maumivu za binadamu, kama ibuprofeni, zisitumike kamwe. Huweza kusababisha vidonda vya tumbo na kuharibu figo za mbwa.

Dawa ikishaandikwa, mnunuzi akague lebo na tarehe ya mwisho wa matumizi, kisha adai risiti.

Mbwa anayejikamua bila kutoa mkojo asisubirishwe hadi kesho. Njia ya mkojo ikiziba kabisa, anaweza kufa ndani ya siku chache.