Karanga Zikimdhuru Mtoto

Mchicha wa karanga ni mboga nzuri. Lakini wako watu ambao miili yao hukataa karanga. Wakila hata kidogo, huwashwa, huvimba midomo au hutapika. Huko si kudeka, wala si uchawi.

Je, upike vyungu viwili? Hapana. Fanya hivi:

1. Pika mchicha kwa vitunguu na nyanya.
2. Kabla ya kutia karanga, mpakulie mtoto sehemu yake. Mtilie tui la nazi.
3. Mpe sahani yake. Asile sinia moja na wenzake siku hiyo.
4. Usimtwangie chakula katika kinu cha karanga. Unga wake hubaki ndani ya nyufa.
5. Uji wa lishe mara nyingi huwa na karanga. Uliza kwanza.

Kupika sana hakuondoi hatari. Akianza kuhema kwa shida, usingoje! Mkimbize kituo cha afya, maana anaweza kufa.

Maswali

1. Kwa nini kinu kile hakifai?
2. Nyumbani kwako, nani hudhurika na chakula gani?