Maliza Mswada Mmoja Kwanza

Ukitaka kujua kwa nini riwaya yako haijaisha, linganisha sura ya kwanza na sura ya tano. Kama ya kwanza imenyooka kila sentensi, na ya tano haina hata aya mbili, jibu umeshalipata. Umekuwa ukipaka rangi sebule ya nyumba ambayo haijaezekwa.

Tuseme umeandika hivi: "Konda aligonga bodi ya daladala mara mbili, Mwajuma akajua wamefika Buguruni." Kesho yake unaona "aligonga" halina nguvu, unaweka "alipiga". Keshokutwa jina la Mwajuma halikuridhishi, unamwita Zawadi. Wiki ya pili unaamua hadithi ianzie kituoni, abiria wakigombea mlango. Mwezi unakwisha na huyu dada bado hajashuka kwenye gari. Marekebisho yenyewe huenda yakawa mazuri, ila yamekuja kabla ya wakati wake. Hujafika mwisho wa hadithi, kwa hiyo hujui kama tukio la daladala litabaki. Yawezekana ukafika sura ya kumi na mbili ukagundua kuwa kitabu kinapaswa kuanzia msibani, na sura yote uliyoihangaikia ikatupwa.

Rasimu ya kwanza iandike kwa kwenda mbele tu. Ukikwama kwenye jambo la kutafiti, weka mabano uendelee: [uliza nauli ya Buguruni hadi Posta mwaka 1998]. Ukibadilisha jina katika sura ya nne, usirudi nyuma kulifuta. Andika pembeni "kuanzia hapa Mwajuma ni Zawadi" na uendelee na Zawadi. Kila kasoro unayoikumbuka njiani au kitandani, iandike kwenye daftari la pembeni. Daftari hilo lina faida kubwa, maana moyo hutulia ukijua kasoro haijasahaulika, inasubiri zamu yake. Kila unapoanza kuandika, soma ukurasa wa mwisho tu wa jana.

Kamusi nayo ikae mbali kwa sasa. Nalisema hili kwa sababu waandishi wengi wa Kiswahili hawaogopi hadithi, wanaogopa kusahihishwa. Ngeli imekosewa, neno si sanifu, mtu wa pwani asingesema hivyo. Hofu hiyo humfanya mtu asimame kila mstari. Na ndani yake mna hofu nyingine isiyotamkwa: kazi ambayo haijaisha haiwezi kuhukumiwa. Ukiitambua hofu hii, ichukulie kama jambo la kawaida kwa kila anayethamini kazi yake, kisha uandike hivyo hivyo ukiwa nayo. Lugha utaisafisha. Ukurasa mtupu hausafishiki.

Tatizo la pili ni viporo. Mtu ana riwaya aliyoifikisha nusu, tamthilia aliyoanza wakati wa mvua, na diwani ya mashairi anayoiongezea beti akipata nafasi. Anajiona ana kazi nyingi, kumbe hana hata moja ya kumpelekea mchapishaji. Mtafiti Sophie Leroy, katika makala aliyoitoa mwaka 2009, alionyesha kuwa mtu akiacha kazi moja na kuingia nyingine, sehemu ya fikra zake hubaki kwenye ile ya kwanza, na ile ya pili huifanya vibaya zaidi. Mwandishi anayeruka kutoka riwaya hadi tamthilia jioni moja huanza kila safari akiwa amegawanyika. Simu inayolia ujumbe wa WhatsApp kila dakika hufanya madhara hayo hayo, kwa hiyo wakati wa kuandika iache chumba kingine.

Chagua mswada mmoja. Kipimo changu ni chepesi: chukua ule ambao unaweza kumsimulia mtu mwisho wake. Mingine itie kwenye bahasha, uiandikie jina, uiweke juu ya kabati. Wazo la mashairi likikujia, liandike kwenye karatasi, ulitumbukize kwenye bahasha yake, kisha urudi kwenye riwaya.

Baada ya hapo kinachobaki ni kiasi. Anthony Trollope, mwandishi Mwingereza wa karne ya 19, alifanya kazi ya posta kwa zaidi ya miaka 30. Saa 11 na nusu alfajiri alikuwa mezani, saa mbele yake, akijitaka maneno 250 kila robo saa. Aliacha riwaya 47. Tawasifu yake ilipotoka mwaka 1883, baada ya kifo chake, wapo waliomdharau kwa kuandika kama anayetimiza zamu, lakini riwaya zake zinasomwa hadi leo. Si lazima ufikie kasi yake. Maneno 300 kwa siku, siku tano kwa wiki, yanakupa maneno 40,000 kwa takriban miezi sita, na hiyo ni riwaya kamili.

Wala usisubiri mazingira mazuri. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika Caitaani Mũtharaba-inĩ kwenye karatasi za chooni alipokuwa kizuizini Kamiti mwaka 1978, na askari waliwahi kumnyang'anya rasimu hiyo kabla ya kumrudishia. Kitabu kilitoka mwaka 1980, na kwa Kiswahili tunakijua kama Shetani Msalabani.

Rasimu ikiisha, iweke kando wiki kadhaa, kisha uipitie mara tatu. Mara ya kwanza angalia hadithi pekee: nini kikatwe, nini kihamishwe. Mara ya pili wasikilize wahusika wanavyosema, na ujibu maswali ya kwenye mabano. Mara ya tatu ndipo lugha, kamusi ikiwa wazi na daftari la kasoro likiwa pembeni. Usiende ya nne. Kitakachobaki ni kazi ya mhariri, na mhariri mzuri atakiona.

Leo kabla hujalala, mpigie simu mtu mmoja unayemheshimu, mwambie kitabu chako kinahusu nini, na umpe tarehe utakayomkabidhi rasimu nzima. Mwombe akuulize siku hiyo ikifika. Kisha andika maneno yako 300 ya kwanza.