Kamyo ya Babu

1. Kamyo ghalani

Kansas ni jimbo la Marekani, katikati ya nchi ile. Ni nchi ya tambarare, na wakulima wake hupanda ngano kwa wingi. Ngano hupandwa Septemba na Oktoba, hustahimili baridi kali, kisha huvunwa mwezi wa Juni.

Katika shamba moja la Kansas kulikuwa na ghala kuukuu. Ndani yake ilisimama kamyo ya Chevrolet. Baba yake Babu ndiye aliyeinunua. Kwa miaka mingi ilibeba ngano, nguruwe na mbao. Halafu mashini yake ikakwama, ikasukumwa ghalani. Kuku walitaga mayai juu ya kiti. Panya walikula nyuzi za taa.

Siku moja mwuza vyuma vikuukuu alipita. Alitaka kuinunua kwa uzito wake, kama mtu anunuavyo viazi. Baba alifikiri, akasema: «Kamyo hii inakula nafasi bure. Lakini tungoje kidogo. Ikiwa haitembei kabla ya mavuno, utaichukua.»

Babu alisikia, asiseme neno. Alikuwa na miaka zaidi ya 80. Katika kamyo ile alijifunza kuendesha, miguu yake ikifikia breki kwa shida. Mjukuu wake, binti wa miaka 12, alimtazama usoni, akajua kwamba maneno yale yamemchoma.

2. Kioo kisichoenea

Kazi ilianza mwezi wa Oktoba. Kioo cha mlango mmoja kilikuwa kimevunjika. Baba alitazama karatasi za kamyo. Ziliandikwa mwaka 1951. Basi akaagiza kioo cha Chevrolet ya 1951 kwa mwuza vipuri wa mji wa mbali.

Kioo kilifika salama. Lakini walipokitia mlangoni, kilikuwa kifupi. Mbele yake palibaki nafasi ya kupitisha mkono. Mwuzaji alikubali kukipokea tena, lakini gharama ya kukisafirisha ilipotea.

Baba alikasirika. Babu akamwambia: «Mwanangu, si kosa la kioo. Tumeuliza karatasi. Hatujaiuliza kamyo yenyewe.»

3. Kamyo yajibu

Macho ya Babu yalikuwa hafifu. Akamwita mjukuu wake: «Lete taa na kitambaa. Pangusa mwimo wa mlango wa dereva.» Binti akapangusa. Chini ya vumbi na mafuta kikatokea kibati kidogo cha chuma. Akasoma kwa sauti: «5, H, P, D.» Nyuma ya herufi hizo zilifuata tarakimu nyingine.

«Maana yake nini, Babu?»

«Sijui, mjukuu wangu. Lakini yuko anayejua. Tuandike barua.»

Katika mji wa Hershey, jimbo la Pennsylvania, iko maktaba ya chama cha wapenda motokari za zamani. Chama hicho kilianzishwa mwaka 1935. Maktaba yake imejaa vitabu vilivyotolewa na viwanda: vitabu vya kufundisha mafundi, na vitabu vinavyotaja kila kipuri kwa nambari yake. Binti aliandika barua kwa mwandiko safi, akanakili alama za kibati bila kuacha hata moja. Baada ya majuma machache jibu lilifika.

Tarakimu 5 ni alama ya kiwanda cha Kansas City. H ni alama ya mwaka 1950. P ni aina ya 3100, yaani kamyo ndogo ya nusu tani. D ni herufi ya nne, maana yake mwezi wa nne, Aprili. Tarakimu za mwisho ni nambari ya kamyo yenyewe katika mfuatano wa kiwanda.

Basi kamyo ilitengenezwa Aprili 1950. Karatasi je? Babu akakumbuka: kamyo ilikaa kwa mwuzaji mpaka baba yake alipoinunua, Januari 1951. Ofisi iliandika mwaka wa kuuzwa, si mwaka wa kutengenezwa.

4. Ndugu wanaofanana

Kamyo za Chevrolet za umbo lile zilitengenezwa tangu 1947 mpaka 1955. Ukizitazama kwa mbali, zinafanana kama ndugu wa tumbo moja. Lakini ndugu wanaofanana hawavai kiatu kimoja.

Mwaka 1949 birika la esansi liliwekwa ndani ya chumba cha dereva, nyuma ya kiti. Mwaka 1951 milango ilipata dirisha dogo la kugeuza, mbele ya kioo kikubwa. Ndiyo sababu kioo cha 1951 ni kifupi: kimeachia dirisha dogo nafasi yake. Mwaka 1952 vishikio vya milango vilibadilika. Tangu hapo mtu alibonyeza kitufe, hakugeuza tena mkono wa chuma. Taa zilitumia umeme wa volti 6, mpaka kamyo za umbo jipya za 1955 zilipoleta volti 12.

Baba aliagiza kioo cha 1950. Safari hii kilienea sawasawa.

5. Daftari la mama

Ikabaki mashini. Kamyo ya 1950 ya aina ya 3100 ilitoka kiwandani na mashini ya silinda 6, yenye ukubwa wa karibu litre 3 na nusu. Baba alitaka kuagiza vipuri vyake mara moja. Lakini binti akasema: «Baba, tuulize kwanza.»

Babu akafumba macho, akafikiri. «Nakumbuka mavuno fulani. Mashini ilipasuka katikati ya kazi. Baba yangu akaleta nyingine. Mwaka sikumbuki. Lakini mama yangu aliandika kila senti.»

Wakatafuta sandukuni. Wakapata madaftari ya mama yake Babu, yaliyofungwa kwa kamba. Binti alisoma usiku mbili. Katika ukurasa wa Juni 1958 akakuta maneno haya: mashini ya Chevrolet ya 1954, iliyokwisha kutumika.

Wakaenda ghalani kuhakikisha. Mashini ya kwanza ya kamyo ile ilikuwa na kifuniko cha juu kilichofungwa katikati kwa nati mbili. Mashini hii ilifungwa pembeni kwa skrubu nne. Daftari lilisema kweli.

Tofauti hiyo si ndogo. Katika mashini ya zamani, vijiko vidogo vilichota mafuta na kuyarusha kwenye beringi za mikono ya pistoni. Katika kamyo za 1954, pampu husukuma mafuta mpaka ndani ya beringi zenyewe. Beringi za mashini moja haziwezi kuingia katika nyingine. Kama Baba angaliagiza kwa haraka, fedha zingalipotea mara ya pili.

6. Kutafuta vipuri

Sasa walijua wanachotafuta. Binti aliandika orodha: jina la kipuri, nambari yake kitabuni, na mahali pa kukitafuta.

Kwanza walitafuta nyumbani. Nyuma ya ghala, katika majani marefu, walipata kishikio cha mlango na kifuniko cha gurudumu. Kisha waliwauliza majirani. Mzee mmoja alikuwa na kamyo ya 1950 iliyoliwa na kutu. Akawapa taa mbili na usukani. Wengine walitembelea viwanja vya motokari zilizokufa, mahali ambapo vipuri vizuri hufunguliwa na kuuzwa.

Liko pia soko kubwa la Hershey. Tangu 1955 wapenda motokari za zamani hukutana huko kila mwaka, mwezi wa Oktoba, nao huuziana vipuri. Tena, kwa kuwa kamyo za umbo lile zinapendwa sana, viko viwanda vinavyotengeneza upya mipira ya madirisha, nyuzi za umeme, hata mbao za kitanda cha mizigo pamoja na bapa za chuma zinazozibana.

Breki zilitengenezwa kabla ya mashini kuwashwa. Mipira ya breki ilikuwa imeoza, ikabadilishwa yote. Babu alisema: «Kamyo isiyowaka ni hasara. Kamyo isiyosimama ni mauti.»

Mashini iliyokwama haikupigwa nyundo. Babu aliamuru mafuta mepesi yamiminwe ndani ya silinda, yakae siku nyingi. Kila asubuhi Baba alijaribu kuizungusha polepole kwa mkono. Siku ya kumi na moja ikazunguka.

7. Siku ya Juni

Ngano ilikuwa imeiva. Kamyo ilikuwa bado na mabaka ya kutu, wala haijapakwa rangi. Babu akapandishwa kwenye kiti cha dereva. Binti alitazama ufunguo, akangoja. Babu akacheka. «Si ufunguo tu, mjukuu wangu. Hii huwashwa kwa mguu.» Akakanyaga chuma kidogo sakafuni.

Mashini ikakohoa, ikanyamaza. Akakanyaga tena. Ikakohoa, ikatoa moshi, kisha ikaanza kunguruma taratibu. Babu hakusema kitu. Aliweka kiganja juu ya usukani, machozi yakamtiririka.

Juma lile mwuza vyuma akarudi na gari lake la kuvutia. Alikuta ghala wazi na tupu. Kamyo ilikuwa shambani, ikibeba magunia ya ngano. Babu alikaa upande wa abiria, Baba alishika usukani, na binti katikati, daftari jipya magotini. Ndani yake ameandika kila kipuri, nambari yake na tarehe yake, kwa ajili ya watakaokuja nyuma.

Chuma hakina kinywa, lakini hujibu anayejua kukiuliza. Kuuliza si ujinga.

Maulizo

1. Ngano ya Kansas hupandwa lini, na huvunwa lini?
2. Kwa nini kioo cha kwanza hakikuenea?
3. Elezeni maana ya 5, H, P na D.
4. Ni nani aliyejua habari za mashini ya pili? Aliziandika wapi?
5. Kwa nini breki zilitengenezwa kwanza?
6. Nyumbani kwenu kiko chombo gani cha zamani? Waulizeni wazee habari zake, mziandike.

Maneno

Kipuri: kipande cha mashini kinachowekwa mahali pa kilichoharibika.
Mwimo: mti au chuma kilichosimama kando ya mlango.
Beringi: kipande cha chuma laini ambamo chuma kingine huzunguka.
Bapa: kipande cha chuma kirefu na chembamba.