Bure na Lazima: Haki ya Mtoto katika Sheria ya Elimu

Somo letu la leo lasimama juu ya maneno mawili yaliyomo katika Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 53: kwamba kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi, iliyo ya bure na ya lazima. Neno la kwanza twalipenda sote, na kila mzazi ajua kulidai. Neno la pili twalipita mbio, kama mtu apitaye mlangoni kwa anayemdai. Nasi twataka kubainisha kwamba maneno haya ni pacha, wala moja halisimami bila ya la pili.

Tazameni yaliyotokea Uingereza. Sheria ya mwaka 1870 iliamuru skuli zijengwe pale zisipokuwako. Ya mwaka 1880 ikafanya mahudhurio kuwa lazima kwa watoto wa miaka mitano hadi kumi. Lakini fedha za kuondoa karo katika skuli nyingi za msingi hazikutolewa na serikali ila mwaka 1891. Kwa miaka kumi na moja, basi, baba fukara alipelekwa mahakamani kwa kutompeleka mwanawe skuli, na huku akidaiwa senti za skuli kila wiki. Hiyo ndiyo lazima isiyokuwa na bure, nayo ni dhulma.

Hapa kwetu mambo yalikwenda njia nyingine. Mwaka 1942 serikali ya kikoloni ilifanya lazima masomo ya watoto wa Kizungu, na ya wavulana wa Kihindi katika miji ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Mtoto wa Kiarabu na wa Kiafrika, aishiye katika mji huo huo, hakutajwa. Baada ya uhuru, mwaka 1974, karo iliondolewa kwa madarasa manne ya kwanza. Watoto wakafurika, vyumba vikawa haba, skuli zikaanza kutoza michango ya majengo, na mahali pengine mchango ukaizidi karo iliyoondolewa! Kisha Januari 2003 karo ya skuli za msingi ikaondolewa tena, serikali ikatoa shilingi 1,020 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, na hesabu ya watoto ikapanda kutoka kiasi cha milioni 6 hadi zaidi ya milioni 7. Watoto hao milioni moja hawakushuka kutoka mbinguni. Walikuwa majumbani, mashambani na sokoni, na kilichowazuia ni fedha. Ama wale waliobaki nje hata baada ya mlango kufunguliwa, hao walizuiliwa na nini? Hapo ndipo tulipo na haja ya neno la pili.

Kabla ya kulifikia, yatupasa kuondoa shubha moja. Wako wasemao kwamba serikali kugharimia masomo ya watoto ni jambo la Kizungu, tuliloletewa. Hao wamesahau habari ya mateka wa Badr, katika mwaka wa pili wa Hijra. Fidia ya mateka tajiri ilifika dirhamu 4,000, na mali hiyo ilikuwa ya Waislamu wote, nao wakati ule walikuwa wahitaji. Hata hivyo imesimuliwa kwamba mateka asiyekuwa na mali, naye ajua kuandika, fidia yake ilikuwa kuwafundisha watoto wa Madina. Yaani umma uliacha fedha zake ili watoto wajue kusoma, na mwalimu mwenyewe alikuwa mshirikina. Ni hoja gani iliyo wazi kuliko hii?

Wala si Wazungu peke yao walioandika maneno haya mawili pamoja. Katiba ya Misri ya mwaka 1923 ilisema kwamba elimu ya awali ni lazima kwa wavulana na wasichana, nayo ni bure katika vyuo vya umma. Waliotimiza walikuwa wachache kuliko waliosifu, maana kuandika ni kwepesi. Lakini kutoka nchi hiyo alitoka Taha Hussein, mtoto kipofu wa kijijini aliyehifadhi Qur'ani chuoni, naye alipokuwa waziri wa elimu kuanzia mwaka 1950 aliondoa karo hata katika skuli za sekondari. Tuna mengi ya kutokubaliana naye, hasa kitabu chake cha mwaka 1926 juu ya mashairi ya Kijahilia, ila haki yake katika jambo hili hatumnyimi.

Sasa tuje kwenye lazima. Huenda mtu akasema: mtoto ni wangu, nitamtuma nitakako, akauze mahamri au akabebe samaki pwani, serikali ina nini nami? Twamjibu kwa fikihi aliyoisoma mwenyewe. Walii wa mtoto hana ruhusa ya kutumia mali ya mtoto ila kwa maslaha ya mtoto. Shamba lake haliuzi ila kwa haja au faida iliyo dhahiri, na akiuza kwa hasara kadhi humzuia. Basi ikiwa minazi mitatu ya mtoto haiuzwi kwa hasara, je, miaka minane ya umri wake yauzwa kwa bei gani? Minazi hupandwa mingine.

Na sheria yasema kila mtoto. Haikusema mvulana. Binti anayetolewa skuli ili alee wadogo zake ana haki ile ile, na mwenye kumtoa ndiye mwenye kuvunja sheria, hata kama jirani wote wamsifu kwa kumtunza. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yamuamuru mwalimu mkuu achunguze mtoto asipohudhuria bila ya sababu, ampe mzazi ilani kwa maandishi, na aipelekee habari Bodi ya Elimu ya Kaunti.

Wenye kuogopea dini twawaambia kwamba sheria hiyo hiyo yazitaja madrasa na duksi kwa majina, na yataka ziunganishwe na masomo ya skuli pale inapofaa. Marehemu Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alihimiza elimu zote mbili katika gazeti lake al-Islah, Mombasa, mwaka 1932. Mtoto wa chuoni jioni na wa skuli asubuhi ni mtoto mmoja.

Limebaki lalamiko la wazazi, nalo ni la haki: bure yenyewe si bure, kwani mtoto hurudishwa nyumbani kwa mchango huu na ule. Basi jueni sheria yasemavyo. Skuli ya umma haina ruhusa ya kumtoza mtoto wa Kenya karo ya masomo. Malipo mengine hayatozwi ila kwa idhini ya Waziri baada ya kushauriana na Bodi ya Kaunti, wala mtoto hakatazwi kuingia darasani kwa kutoyalipa, wala hapana mtu apokeaye fedha bila ya kutoa stakabadhi rasmi. Mzazi aliyeombwa mchango na aulize kwanza idhini iko wapi. Akilipa, asiondoke mlangoni bila ya stakabadhi. Na mwanawe akirudishwa, aende katika ofisi ya Bodi siku ile ile, naye amemshika mtoto mkono.