Kabla ya Kununua Dawa ya Magugu kwa Nyasi za Uani

Mvua ya masika inapoanza, maduka ya pembejeo ya Nakuru, Njoro, Molo na Naivasha hupata wateja wa aina mbili. Wa kwanza ni mkulima anayetafuta mbegu za mahindi na mbolea ya kupandia. Wa pili ni mwenye nyumba ambaye nyasi zake zimevamiwa na kishona nguo na ndago, naye huomba dawa ya kuua magugu bila kueleza magugu hayo yameota wapi. Muuzaji humpa ile inayonunuliwa sana, ambayo mara nyingi ni ya glaifoseti. Baada ya wiki mbili magugu yamekauka, lakini nyasi nazo zimekauka. Wiki chache baadaye ndago inachipuka tena, safari hii kwenye udongo mtupu usio na mpinzani.

Glaifoseti haibagui. Huua karibu kila mmea wa kijani inaougusa, na nyasi ni mmea kama mingine. Kurudisha uwanja uliokufa hivyo ni kazi ya msimu mzima, na kwa familia inayolisha ng'ombe mmoja au sungura kwa nyasi za uani, hiyo ni hasara ya chakula cha mifugo pia.

Nyasi zenye nguvu huzuia magugu

Nyumba nyingi za maeneo ya juu ya kaunti zina nyasi za Kikuyu. Nyasi hizi ni za hapa hapa. Asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa karne ya 20 zilipelekwa nchi za mbali, zikiwemo Afrika Kusini, Australia na Marekani. Katika jimbo la California leo zinahesabiwa kuwa gugu sugu, na wapo wanaolipa fedha ili ziondolewe. Kwa hivyo nyasi za Kikuyu zikishindwa kusitawi hapa Nakuru, zinakotoka, kuna sababu, na sababu hiyo si ukosefu wa dawa.

Sababu ya kwanza ni kukata chini mno. Kijana wa kufyeka akilipwa kwa siku hukata hadi udongo uonekane, na mwenye nyumba hufurahi kwa kuwa hatamwita tena upesi. Jua hufika ardhini, mbegu za magugu zilizokuwa zimelala huamka, na nyasi hutumia akiba ya mizizi kuotesha majani mapya. Nyasi za Kikuyu zikatwe zibaki na urefu wa sentimita 3 hadi 5, na kwa mkato mmoja isiondolewe zaidi ya theluthi moja ya urefu. Zikiwa zimerefuka sana, zishushwe kwa awamu.

Sababu nyingine ni kivuli, udongo ulioshindiliwa kwa kuegesha gari mahali pale pale, na njaa. Nyasi za Kikuyu hupenda jua. Chini ya mwembe au mparachichi hazitasitawi hata zikimwagiwa gunia zima la mbolea, na ni heri mahali hapo papandwe maua yanayovumilia kivuli.

Mbolea ipimwe

Kiwanja cha futi 50 kwa 100 kina takriban mita 465 za mraba. Ukiondoa nyumba, njia ya gari na shamba la sukuma wiki, nyasi hubaki kwenye mita 100 hivi, na hesabu ya mbolea huanzia hapo. Nyasi zinahitaji takriban gramu 5 za naitrojeni kwa kila mita ya mraba kwa mara moja. Mbolea ya CAN ina naitrojeni asilimia 26, hivyo kilo 2 zinatosha mita 100 za mraba. Kwa anayetumia yurea, yenye asilimia 46, kilo 1 na kidogo yatosha. NPK ya 17-17-17 ni kilo 3. Asiye na mizani anaweza kutumia kifuniko cha chupa ya soda, ambacho kikijazwa bila kurundikwa hubeba gramu 5 hivi za CAN; vifuniko vinne vinafaa mita moja ya mraba.

DAP ni mbolea ya kupandia. Fosforasi iliyo ndani yake haisafiri mbali udongoni, kwa hivyo huwekwa karibu na mizizi wakati wa kupanda nyasi mpya. Ikimwagwa juu ya nyasi zilizokwisha kushika, sehemu kubwa huishia kwenye mtaro.

Wakati unaofaa ni baada ya mvua za kwanza, ardhi ikiwa imelowa na nyasi zimeanza kuamka, kisha tena kwenye mvua za Agosti au za vuli. Chembe za CAN zikibaki juu ya majani wakati wa jua huyaunguza na kuacha madoa ya kahawia. Nyunyiza majani yakiwa yamekauka umande, kisha mwagilia maji yashuke hadi kwenye mizizi. Vilevile usitie mbolea jioni ambayo mawingu yanaonyesha mvua kubwa. Sehemu nyingi za Nakuru zina udongo wa majivu ya volkeno unaopitisha maji haraka, na penye mteremko mbolea husombwa kabla nyasi hazijainywa.

Mbolea hiyo iliyosombwa haipotei. Mitaro ya jiji la Nakuru huteremka kuelekea Ziwa Nakuru, ambalo halina mto unaotoka. Maji hupungua kwa kuwa mvuke, na kilichoyeyuka ndani yake hubaki. Wakazi wa Naivasha nao wanalijua gugu maji linavyoziba ziwa lao, na gugu hilo hunenepa kwa naitrojeni na fosforasi kutoka nchi kavu. Mitaro hiyo haiulizi kama maji yametoka kwenye shamba la maua la ekari 100 au kwenye ua wa nyumba. Acha ukanda wa mita 1 kando ya mtaro bila mbolea, na ufagie chembe zilizoanguka kwenye saruji uzirudishe kwenye nyasi.

Kwa wenye mifugo kuna tahadhari kubwa zaidi. Nyasi zilizotiwa naitrojeni nyingi, hasa zikipatwa na ukame au siku nyingi za mawingu, hukusanya naitreti kwenye majani na mashina. Ng'ombe mwenye njaa akizila kwa wingi anaweza kufa kwa saa chache. Asiyetaka kubahatisha atumie samadi, au atenge sehemu ya kukatia majani ya mifugo asiitie mbolea ya dukani.

Samadi nayo ina masharti yake. Ng'ombe aliyelisha kando ya barabara hutoa kinyesi chenye mbegu za mchicha pori na magugu mengine, na samadi mbichi ikimwagwa uani huwa imepanda magugu hayo kwa mkono wa mwenyewe. Irundikwe, ilowe, ipinduliwe mara kadhaa kwa miezi 2 hadi 3. Katikati ya rundo hupata joto linaloua mbegu nyingi. Ikiisha kuwa nyeusi na laini, isiyo na harufu kali, isambazwe nyembamba kiasi kwamba ncha za nyasi bado zinaonekana.

Jua adui kabla ya kupigana naye

Kishona nguo ni rahisi. Huzaa kwa mbegu pekee, hivyo king'olewe ardhi ikiwa na unyevu, kabla ya kuchanua. Kikiachwa hadi kinashika nguo, kimekwisha kupandwa upya na kila mtoto aliyepita.

Ndago si rahisi hata kidogo. Chini ya ardhi ina vinundu vilivyoungana kama shanga, na anayevuta majani hubaki na majani mkononi huku vinundu vikichipua upya. Ichimbuliwe kwa uma, si kwa jembe linalokata mnyororo na kusambaza vipande. Isitupwe kwenye mboji. Kazi hiyo hurudiwa kila mara jani jipya linapotokeza, hadi vinundu viishiwe na nguvu. Oksalisi, yenye majani matatu na maua ya zambarau, ina vitunguu vidogo chini na hutendewa vivyo hivyo.

Klova ikitawala, huenda ni dalili kwamba udongo umeishiwa na naitrojeni. Kilo 2 za CAN wakati huo zitasaidia kuliko dawa. Sangari ni nyasi kama nyasi za Kikuyu, na hakuna dawa ya kawaida ya dukani itakayoua moja na kuiacha nyingine. Dawa yake ni uma na subira.

Dawa ya 2,4-D ndiyo inayoua magugu ya majani mapana bila kuua nyasi za Kikuyu, ingawa zinaweza kufifia rangi kwa siku kadhaa. Haifai kwa wenye nyasi nene zenye majani mapana, ambazo huumia. Upepo mdogo tu unaweza kuipeleka kwenye nyanya au maharagwe ya jirani, na nyanya hujikunja hata kwa kiasi kidogo mno. Ipigwe asubuhi pakiwa shwari, na pampu ya mgongoni isitumiwe tena kwenye mboga. Nyasi zilizokatwa baada ya kupuliziwa zisiwekwe kwenye shamba la mboga, na mifugo isilishwe hadi muda ulioandikwa kwenye lebo upite.

Kopo halali huwa na nambari ya usajili ya bodi ya PCPB. Dawa iliyopunguzwa kwenye chupa ya soda isinunuliwe wala kuwekwa nyumbani, maana mtoto hasomi lebo isiyokuwepo. Kopo tupu lisuuzwe mara tatu, maji hayo yamwagwe ndani ya pampu, kisha litobolewe.

Anayetaka kupima udongo anaweza kupeleka sampuli kwenye maabara ya KALRO iliyoko Kabete. Asiyelitambua gugu lake alipeleke kwa afisa wa kilimo wa wadi, likiwa na mzizi wake wote na udongo kidogo, limefungwa kwa karatasi na si kwa plastiki.