Lesoni ya 7: Divai Katika Kichala

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mwa. 9:20, 21, Hes. 6:1–4, Isa. 16:10, Isa. 65:8, Hos. 4:11, Hab. 2:15, Mt. 26:26–29, Efe. 5:18.

Fungu la Kukariri: 1 Wakorintho 10:31.

Misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora ilivuka pori kavu la Mgunda Mkali, kisha ikafika Tura, mlango wa Unyamwezi. Burton na Speke walipita hapo mwaka 1857. Wapagazi waliochoka walitafuta maji na chakula. Na penye nafaka na asali, pombe haikuwa mbali. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, nayo Tura ikawa kituo cha treni. Asali ya misitu ya miombo ingali inarinwa huko. Asali ile ile humwingia mtoto katika uji, na ile ile hupikwa wanzuki.

Juma hili tutajifunza neno "divai". Je, Biblia ikilitaja, daima inataja kileo?

JUMAPILI: Majina ya Nyumbani

Kiswahili kina majina mengi ya vinywaji. Togwa ni tamu, hunywewa na wakubwa kwa watoto. Ikiachwa siku kadhaa huchachuka. Wanzuki ni asali na maji vilivyochachuka. Huko pwani, utomvu wa mnazi huitwa tembo: ukiwa mbichi ni tembo tamu, ukikaa huwa tembo kali. Jina ni moja, lakini mtu mwenye busara huuliza, "Tembo gani?"

"Mvinyo" lilitokana na neno la Kireno la divai. Leo mitaani watu wengi wakisema mvinyo humaanisha pombe kali, ilhali hotelini divai huitwa waini. Kwa hiyo msomaji anaweza kukutana na neno katika Biblia na kulipa maana ya baa ya jirani.

*Unapomsikia mtu akitumia fungu la Biblia kutetea kinywaji chake, ni swali gani unapaswa kuuliza kwanza?*

JUMATATU: Neno Moja, Hali Mbili

Soma Mwanzo 9:20, 21 pamoja na Isaya 16:10. Neno la Kiebrania katika mafungu yote mawili ni *yayin*. Nuhu alikunywa yayin akalewa. Lakini katika Isaya, yayin ndiyo inayokanyagwa shinikizoni, maji ya zabibu yanayotoka wakati huo huo. Hayajapata muda wa kuchachuka.

Sasa soma Isaya 65:8. Hapa neno ni *tirosh*, divai mpya, nayo ingali ndani ya kichala! Hakuna aliyewahi kulewa kwa kichala cha zabibu. Neno la tatu, *shekar*, limetafsiriwa kileo, nalo limewekwa kando ya divai katika Hesabu 6:3.

JUMANNE: Tusiseme Zaidi ya Neno

Wengine hufundisha kwamba *tirosh* ni maji matamu siku zote na *yayin* ni kileo siku zote. Soma Hosea 4:11. Pale divai mpya imetajwa miongoni mwa vitu vinavyoondoa fahamu. Basi kanuni hiyo rahisi haisimami, na tukiisimamia, jirani anayesoma Biblia yake vizuri atatuaibisha.

Maana huamuliwa na fungu zima: nani anakunywa, nini kinafuata, na Mungu anasema nini juu yake. Imani yetu haitegemei kamusi peke yake.

JUMATANO: Uzao wa Mzabibu

Soma Mathayo 26:26–29. Katika kuelezea kikombe, Yesu hakutumia neno divai, bali alikiita uzao wa mzabibu. Ilikuwa majira ya Pasaka, ambapo chachu iliondolewa nyumbani (Kut. 12:19). Kwa sababu hiyo tunatumia maji ya zabibu yasiyochachuka katika Meza ya Bwana, nasi tunaielewa divai ya Kana vivyo hivyo.

Mbali na mashamba ya mizabibu ya Dodoma, mashemasi wengi huchemsha zabibu kavu na kuzichuja. Kazi hiyo ya jikoni ni mahubiri: damu isiyo na waa inawakilishwa na kinywaji kisichoharibika.

ALHAMISI: Ndoo ya Asali

Fikiria ndugu aliyebatizwa karibuni, mrina asali. Hanywi tena. Lakini mnunuzi wake mkubwa ni mpika wanzuki, naye hulipa fedha taslimu kabla shule hazijafunguliwa. Ndugu huyu anasema, "Mimi nauza asali tu." Ni kweli, asali haina kosa. Jirani yake anasema, "Wanzuki ni asali tu." Huyo anajidanganya, maana jina tamu haliondoi ulevi.

Soma Habakuki 2:15. Je, fungu hili linamgusa ndugu yetu? Kabla ya kumhukumu, kanisa lijiulize: ni nani kati yetu atanunua ndoo hiyo, au atamsaidia kupata soko lingine?

IJUMAA: Jifunze Zaidi

Soma Waefeso 5:18. Paulo hakuishia kwenye katazo. Alionyesha kitu cha kujazwa mahali pake. Chombo kitupu hakikai kitupu.

Maswali ya Kujadili:

1. Katika eneo lenu, ni vinywaji gani vyenye jina moja katika hali mbili? Vinatusaidiaje kuelewa neno "divai"?
2. Mtu akikuletea 1 Timotheo 5:23, utamjibuje kwa upole na bila kulipotosha fungu?
3. Mngemshauri nini mrina asali? Mngemsaidia kwa kitu gani mwezi huu?
4. Ni mambo gani mengine tunayoyapa jina zuri ili dhamiri isituulize?