Taa za Jukwaani na Rangi Zake

Jukwaa la michezo ya kuigiza huangazwa kwa taa za rangi, ili watazamaji waone kwamba sasa ni alfajiri, au ni usiku wa mbalamwezi. Savoy Theatre, mjini London, ndiyo nyumba ya kwanza ya umma duniani iliyoangazwa yote kwa umeme, mwaka 1881. Kwa muda mrefu rangi ilipatikana kwa njia moja: mbele ya taa yenye uzi wa chuma uwakao uliwekwa utando mwembamba wa rangi, uitwao jeli. Jina hilo latokana na gelatini iliyotumika zamani. Siku hizi tando hizo ni za plastiki istahimiliyo joto.

Jeli haitii rangi katika mwanga. Yafanya kazi ya chujio la tui: kipitacho kilikuwamo tangu mwanzo, na kisichotakiwa huzuiliwa kama chicha. Maana mwanga wa uzi uwakao una rangi zote, tangu nyekundu hata urujuani, zikifuatana bila pengo. Jeli ya buluu hupitisha buluu, ikazuia nyingine, nazo zilizozuiliwa hugeuka joto. Ndiyo sababu jeli nzito hupauka upesi. Iko moja iitwayo Congo Blue, ambayo mwanga mwingi sana hupotea ndani yake.

Taa za LED ni kinyume. Ndani yake mna vipande vidogo, kila kimoja na rangi yake: chekundu, cha kijani, na cha buluu. Hicho cha buluu ndicho kilichowapatia Akasaki, Amano na Nakamura, wazaliwa wa Ujapani, Tuzo ya Nobel mwaka 2014. Nyekundu na kijani zikikutana, jicho huona manjano, ijapokuwa mwanga wa manjano wenyewe ni haba mno.

Basi fundi atakaye kuilinganisha taa mpya na ile ya kale huziwasha kando kando juu ya kitambaa cheupe, akapandisha rangi hii na kushusha ile, hata asione tofauti. Wengine huishia hapo, nalo ni kosa. Kitambaa cheupe hurudisha kila kipewacho, kwa hiyo hakifichui pengo. Lakini nguo ya rangi ya chungwa haiwezi kurudisha mwanga ambao haikupewa: chini ya taa ya kale hubaki ya chungwa, na chini ya LED huelekea wekundu. Uso wa mchezaji nao waweza kuonekana kama wa mgonjwa, hali mchezo wataka awe bibi arusi! Fundi mwema humsimamisha mchezaji mwenyewe, amevaa vazi lake, ndipo aandike vipimo. Taa nyingine za LED zimeongezewa vipande vya rangi ya kaharabu na ya ndimu, ili kulipunguza pengo hilo.

Tena, taa ya uzi ikipunguzwa, mwanga wake huwa mwekundu kama wa jua litualo. LED za rangi zikipunguzwa hufifia tu. Kwa hiyo taa zilizolingana zikiwa kamili hazilingani tena zikiwa nusu, na kipimo hutwaliwa upya. Wekundu ule wapendwa sana na watu wa jukwaani. Mwaka 2018, Umoja wa Ulaya ulipokusudia kuziondoa taa zitumiazo umeme mwingi, walipinga kwa nguvu, na kanuni ya mwaka 2019 iliziacha baadhi ya taa za jukwaani.